Asilimia Tisini na Saba

Saa nane mchana, Tabata Kimanga.
Bati linalia kwa jua kama bisi zilizochelewa kupasuka,
nami nimezima feni, maana maikrofoni inaisikia.
Anjelista amesimama mbele ya godoro lililoegemezwa ukutani.
Sendofu ya mdogo wake ni Jumamosi.
Anataka wimbo mmoja tu, kwa sauti yake mwenyewe,
si ya kukodi.

Anavuta pumzi. Anaingia.
Mstari wa pili, neno "nenda" linakatika:
ne—krr—da.
Tunarudia. Ne—krr—da.
Kama mtu anakanyaga maganda ya karanga ndani ya sikio langu.

Kwenye kona ya kioo kijimstari kimepanda
hadi tisini na saba kwa mia, chekundu kama wino wa mwalimu.
Prosesa imeelemewa.
"Subiri kidogo, dada."
Anazijua subiri kidogo zangu. Anavuta kiti, anakaa.

Nafunga kwanza vilivyo wazi bila kazi:
matokeo ya mechi, picha za harusi ya nisiyemjua,
bei ya pikipiki ambayo sitainunua.
Tisini na nne.
Naongeza bafa, kutoka mia na ishirini na nane
hadi elfu moja na ishirini na nne.
Mkwaruzo unakimbia, ila sauti nayo inachelewa;
Anjelista anaimba, kisha anajisikia baadaye,
anasimama kujingoja.
"Nani huyu ananifuata?"
Narudisha bafa ilipokuwa.

Basi naanza kuvua.
Mwangwi wa kanisa, toa.
Mwangwi wa pango juu ya mwangwi wa kanisa
(usiku ule nilikuwa na nini?), toa.
Fidla arobaini za nchi ambayo sijafika
nazigandisha ziwe faili moja, zikae, zisifikiri tena.
Ngoma nne zinazosema jambo lilelile: ibaki moja.
Na kila ninachokitoa, mimi ndiye niliyekiweka.
Themanini na nne. Themanini na moja.
Halafu, bila kuguswa na mtu, inapanda yenyewe:
tisini.
Tisini na saba.

Hapo naishiwa.
Naishika laptopu tumboni: "Hii pasi ya mkaa."
"Pasi?" Anjelista anainuka. "Geuza nione."

Niseme hili: chumba tumekodi nusu kwa nusu.
Asubuhi ni vitenge, mchana ni sauti.
Cherehani yake ile pale, chini ya shuka.

Skrubu saba. Fundi wa Kariakoo aliniapia
kwamba ameisafisha mwezi wa tatu.
Ndani, kwenye mapezi ya shaba, hewa haina mlango;
kuna blanketi.
Pamba ya kijivu, nyuzi nyekundu, nyuzi za bluu,
na uzi mmoja wa dhahabu
wa lile gauni la Pasaka ambalo mwenyewe hakumaliza kulilipia.
Mwaka mzima wa kazi yake
umelala juu ya moto wa kazi yangu.

Haombi radhi. Nami sidai.
Anachomoa sindano kwenye ukosi, anaipenyeza,
anavuta polepole, kama anayefumua mshono wa mteja mkali.
Linatoka zima.
Analitia kwenye kopo la vifungo.
"Likiongezeka linajaza mto."

Nawasha. Thelathini na nane.
Sasa nafasi ipo, nafasi tele:
pango lirudi, kanisa lirudi, fidla zote ziamke.
Mkono wangu uko tayari juu ya kipanya
na yeye ameshaanza, hajavaa hata spika za masikioni,
anaimba akiwa bado ameshika sindano.
Nabonyeza kurekodi.

"Nenda" linapita zima.
Dakika ya pili, kwa mbali, kuna kengele ya baiskeli ya muuza mikate.
Jumamosi watacheza, hawataisikia.
Mimi naisikia.
Sijaifuta.